Uzio Uliolala kwa Heshima

Ipo nchi moja, wala si ya zamani, ambayo jina lake limefungiwa ndani ya kasha la chuma wizarani ili raia wasilichakaze kwa kulitajataja. Nasi hatutalitaja, maana tunapenda kulala nyumbani kwetu. Tunachoweza kusema bila kuvunja sheria ni kwamba ni nchi yenye furaha nyingi. Sensa ilithibitisha. Raia waliulizwa mmoja mmoja kama wana furaha, na wale waliojibu kuwa hawana waligundulika kuwa hawakuwa raia.

Kwenye pembe ya kaskazini ya nchi hiyo pana mahali panapoitwa Majabalini, na aliyepaita hivyo hakuwa mtu wa mafumbo. Majabalini hapana udongo. Pana jiwe, na juu ya jiwe pana vumbi la kumdanganya mgeni. Mtama hupandwa kwenye nyufa. Wafu huzikwa bondeni, mwendo wa saa mbili, na waombolezaji hurudi wamechoka kumshinda marehemu.

Hapo ndipo alipoishi Zamda Chilumba, mjane wa miaka arobaini na minane, mabega mapana, maneno machache, na kazi yake ilikuwa kusimamisha nguzo. Aliyetaka zizi alimwita Zamda. Aliyetaka uwa wa nyumba alimwita Zamda. Nguzo moja ilimchukua siku tatu. Siku ya kwanza aliwasha moto wa magogo juu ya mwamba mpaka jiwe likaiva, kisha akalimwagia maji ya baridi, likapiga ukelele na kupasuka. Siku ya pili alishika mtaimbo na tindo, akawa anavunja na kutoa vipande kwa mkono, na shimo lake alilitanua chini kuliko mdomoni, kama chungu. Siku ya tatu alisimamisha nguzo, akaizungushia kokoto tabaka kwa tabaka, akishindilia kila tabaka, na mwisho akapigilia kabari nne za jiwe kwenye mdomo wa shimo. Fahali walijikuna kwenye nguzo zake mpaka wakazeeka wakachinjwa, na nguzo zikabaki zinangoja fahali wengine.

Chini ya mwamba mkubwa kuliko yote ilitoka chemchemi ambayo haikuwahi kukauka. Vijiji vitatu vilikunywa hapo, pamoja na ng'ombe, mbuzi na nyuki. Hakuna aliyeona ajabu yoyote.

Siku moja Serikali ikagundua kwamba maji ya Majabalini yalikuwa yakinywewa.

*

Habari hiyo ilisomwa redioni kwa sauti ya msiba. Ilielezwa kwamba kwa vizazi vingi wananchi wa eneo hilo wamekuwa wakiendesha unywaji holela, bila kibali wala mpango, wengine wakitumia viganja. Serikali haikuweza kuendelea kutazama. Chemchemi ingezungushiwa uzio na kuitwa Hifadhi ya Taifa ya Kiu. Ni kweli kwamba shemeji wa Mtukufu Mlezi wa Umma, ambaye ndiye mkuu wa nchi hiyo, alikuwa amejenga kiwanda cha maji ya chupa karibu na hapo, lakini tume ilichunguza jambo hilo na kukuta kwamba ukaribu huo ulitokana na umbali mdogo.

Wiki hiyohiyo akaja Waziri wa Nguzo na Maadili, Mheshimiwa Gwasuma, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, akifuatwa na magari tisa na karani wa kuandika kila alichokisema. Watu wakakusanywa. Mheshimiwa akafungua taarifa ya wataalamu.

"Udongo wa Majabalini," alisoma, "ni tifutifu, mweusi, wenye unyevu wa kutosha, na unafaa kwa mpunga."

Wataalamu hao walikuwa wameitembelea Majabalini mara tatu, kwenye ramani.

"Kwa hiyo nguzo mia tatu na sitini zitasimama ndani ya siku kumi na mbili," aliendelea Mheshimiwa. "Siku ya kumi na tatu Mtukufu Mlezi mwenyewe atakuja kuzindua, pamoja na wageni kutoka nje. Nani hapa anajua kuchimba?"

Vidole vyote vikamwelekea Zamda, na papo hapo akateuliwa kuwa Fundi Mkuu wa Taifa wa Mashimo. Watu wakapiga makofi, kwa kuwa askari walikuwa wakiwatazama mikono. Zamda akanyoosha mkono wake.

"Mheshimiwa, huku ni jiwe."

"Jiwe gani?"

"Hilo ulilolikanyaga."

Waziri akatazama viatu vyake. Akapiga teke chini kwa nguvu, kama mtu anayetaka kumaliza ubishi. Uso ukamkunjamana, machozi mawili yakamtoka, akashika bega la karani. Karani akaandika: *Mheshimiwa alikagua udongo, akaguswa.*

"Mama," alisema Waziri alipopata pumzi, "wewe una shahada ya udongo?"

"Sina, Mheshimiwa."

"Basi tuwaachie wenye shahada."

*

Nyumbani wifi yake alikuwa akimngoja mlangoni. Somoe alikuwa dada wa marehemu mume wa Zamda, na wanawake hao wawili walibaki uwa mmoja baada ya msiba, wakipika chungu kimoja na kugombana kila siku kidogokidogo ili wasije wakagombana siku moja sana.

"Nimesikia umepata cheo," alisema Somoe.

"Nimepewa. Sikukiomba."

"Kwa hiyo mkono huuhuu uliomjengea kaka yangu zizi ndio utakaotufungia maji."

"Wifi, nikikataa wananifunga mimi, kisha wanaleta mwingine."

"Mwingine hawezi! Nani mwingine? Wewe mwenyewe ndiye unayejisifu kuwa nchi nzima hakuna mwingine." Somoe akachukua ndoo. "Wafanyie basi nguzo mbovu. Zitumbukize tumbukize tu, upepo uje uziangushe."

Hapo ndipo palipomuuma Zamda. Uoga alikuwa nao, hakuuficha, lakini chini ya uoga kulikuwa na jambo jingine ambalo aliona haya kulisema. Hakujua kusimamisha nguzo mbovu. Baba yake hakumfundisha hiyo, na mikono yake ingekataa.

"Nikisimamisha," alisema mwishowe, "itakuwa imesimama."

"Haya. Ukishamaliza, uje utuonyeshe pa kulamba." Somoe akaenda zake kuteka maji, na jioni hiyo wakala bila kusemezana.

*

Baada ya siku tatu ilisimama nguzo moja, ya gogo la mpingo. Afisa Tarafa akaja na fomu.

Huyu alikuwa Bwana Erasto Chambuso, mtu mwembamba aliyekuwa akikaimu cheo hicho kwa mwaka wa kumi na nne. Kila alipoulizwa lini atathibitishwa, alijibu kwamba faili liko njiani. Akaitazama nguzo, akaitazama fomu, akaitazama tena nguzo kama anayetumaini kwamba zingine zimejificha nyuma yake.

"Mama Zamda, kwa mujibu wa ratiba leo tunatakiwa kuwa na tisini."

"Nami kwa mujibu wa jiwe nina moja."

Chambuso akaisukuma. Akaisukuma kwa bega. Akaikumbatia, akainua miguu, akaning'inia, na nguzo ikambeba pale bila kusema lolote.

"Hii imekamata," alisema akiwa juu.

"Imekamata."

"Nitaandika nini mimi?" Sauti yake ilikuwa ya mtu anayekaribia kulia. Alishuka, akakung'uta suruali, akaandika: *Nguzo zimeanza kusimama. Zilizobaki ni chache kuliko zote. Kinachochelewesha ni jiwe.*

Taarifa ilipofika wizarani, neno *jiwe* lilileta taharuki. Kama wataalamu walisema hapana jiwe na sasa pana jiwe, basi kuna mtu amelileta. Waraka ukatoka siku hiyohiyo, ukibandikwa kwenye kila ofisi ya umma: neno hilo lisitumike tena. Jiwe dogo litaitwa *udongo uliochelewa*. Mwamba utaitwa *udongo mwandamizi*. Walimu wakasahihisha vitabu kwa kalamu nyekundu, na mchungaji mmoja aliyekuwa na Petro, yule mwamba wa Kanisa, katika mahubiri yake ya Jumapili alilazimika kuomba ushauri.

Zamda akaamriwa aache kuchimba apishe mitambo, na siku ya sita ikaletwa mashine ya kutoboa ardhi kutoka nchi za nje, imepambwa maua. Ilinguruma nusu saa juu ya udongo mwandamizi, ikatoa moshi, jino lake likaruka na kutua kwenye paa la msikiti. Redio ikatangaza kuwa mashine imekwenda likizo. Siku ya nane wakaletwa wafungwa mia mbili wenye sululu. Sululu zilikwisha kabla ya wafungwa. Siku ya tisa Waziri akaacha kula. Siku ya kumi kikaketi kikao cha dharura, na kikao hicho, kama vikao vyote vya nchi ile, kikapata jibu.

Kama ardhi haiwezi kushika nguzo, wananchi watazishika.

*

Ajira mia tatu hamsini na tisa zilitangazwa asubuhi, na kufikia adhuhuri zote zilikuwa zimejazwa, kwa kuwa waombaji walikusanywa kwa lori. Cheo kiliitwa Mshika Nguzo Daraja la Pili. Daraja la Kwanza halikuwepo, liliachwa wazi ili watu wawe na la kutumainia. Walichukuliwa watu wazima wote wa Majabalini, wenye nguvu na wasio nazo, na kila mmoja akapewa nguzo ya mkaratusi na kanzu ya rangi ya kahawia, ili mgeni akitazama kwa mbali asitofautishe mti na mtu. Walifundishwa kusimama nyuma ya nguzo na kupumua kwa zamu. Kupiga chafya kulipigwa marufuku. Seng'enge ikapitishwa kutoka nguzo hadi nguzo, mistari minne, ikimetameta.

Zamda, kwa kuwa alikuwa Fundi Mkuu wa Taifa, akapewa filimbi.

"Ukipuliza mara moja, uzio usimame," Waziri alimwelekeza. "Ukipuliza mara mbili, uzio upumzike. Lakini hutapuliza mara mbili mpaka gari la mwisho la mgeni wa mwisho limepotea machoni. Umenielewa, mama?"

"Nimekuelewa, Mheshimiwa."

Somoe akapangiwa nguzo ya pili, jirani kabisa na ile ya mpingo, ambayo peke yake haikuhitaji mtu. Alipovaa ile kanzu ya kahawia alimtazama Zamda kwa muda mrefu.

"Angalau yako haina mtu nyuma," alisema. "Hilo nakupa."

Zamda alitamani angemtukana tu.

*

Siku ya kumi na tatu jua lilitoka limekasirika. Tangu alfajiri ng'ombe wa vijiji vitatu walikuwa wamezuiwa nje ya uzio, chini ya mteremko, wasije wakachafua sherehe kwa kunywa. Walilia mpaka bendi ya polisi ikaamriwa ipige kwa nguvu zaidi. Saa nne Zamda akapuliza filimbi mara moja, na uzio ukasimama, mzuri, umenyooka kama rula. Mabalozi waliokaa kwenye viti vya kitambaa wakanong'onezana kwa kuvutiwa.

Saa sita akafika Mtukufu Mlezi wa Umma. Akapanda jukwaani, kwenye zulia jekundu lililotandikwa kati ya uzio na chemchemi, akavua miwani, akavaa miwani nyingine.

"Ndugu zangu," alisema. "Uzio ni nini?"

Akanyamaza muda mrefu, mpaka Waziri akaanza kuogopa kwamba anauliza kweli.

"Uzio ni upendo uliosimama! Asiye na uzio hana nje. Na asiye na nje, ndugu zangu, atakuwaje ndani? Mababu zetu hawakuwa na uzio. Wako wapi leo? Wamekufa!"

Makofi. Washika Nguzo peke yao hawakupiga, kwa sababu zinazoeleweka.

"Nimeambiwa na wataalamu kwamba hapa palikuwa na udongo laini. Nikasema, hapana! Nguzo zangu zitasimama hata kwenye udongo laini! Na leo mnaona kwa macho yenu. Zinatikisika?"

"Hazitikisiki!" walijibu mawaziri.

Zilikuwa zinatikisika. Hotuba ilikuwa imeingia saa ya pili, na Mtukufu Mlezi alikuwa bado utotoni mwake, akieleza jinsi alivyozaliwa akiwa amekunja ngumi. Saa ya tatu alianza shule. Zamda alikuwa akitembea nyuma ya uzio, kama alivyoagizwa, akiona kile ambacho wageni hawakukiona. Mzee Likwata, nguzo ya mia moja na kumi na saba, alikuwa amefumba macho na midomo yake imepasuka. Mwanamke wa nguzo ya sitini alikuwa mjamzito wa miezi saba, naye alikuwa ameegemea nguzo kuliko nguzo ilivyomwegemea yeye. Kanzu zote za kahawia zilikuwa zimegeuka nyeusi kwa jasho.

Akafika kwa Somoe. Nguzo yake ilikuwa haijapigwa randa, na vibanzi vya mti vilikuwa vimemwingia viganjani. Damu ilikuwa imeshuka mpaka kwenye kiwiko na kukauka hapo.

"Wifi," Somoe alinong'ona bila kugeuza kichwa. "Mikono imekufa ganzi."

"Vumilia kidogo. Ameshafika darasa la nne."

"Navumilia." Somoe akameza mate ambayo hayakuwepo. "Nimeshika uzio wa kuninyima maji, na nina kiu, na maji nayasikia hapo nyuma ya zulia. Niambie wifi, umewahi kumwona mjinga aliyekamilika kunishinda mimi?"

Zamda aliyasikia na yeye yale maji. Aliyasikia kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, maana siku zote yalikuwepo tu. Akaitazama filimbi iliyoning'inia kifuani kwake. Akafikiria jela, akafikiria nyumba yake. Kisha akaitia filimbi mdomoni, akapuliza mara mbili.

Watu mia tatu hamsini na tisa wakashusha pumzi na mikono kwa pamoja.

Uzio ukaanguka kuanzia magharibi kwenda mashariki, taratibu, nguzo baada ya nguzo, seng'enge ikiimba. Chini ya mteremko ng'ombe wakainua vichwa. Hakuna aliyewaamuru. Walipanda kama mafuriko, wakaruka seng'enge iliyolala, wakapita kwenye zulia jekundu, wakapita kati ya viti vya mabalozi, wakaifikia chemchemi na kuzamisha midomo. Mabalozi wakasimama na kupiga makofi, wakidhani ni ngoma ya asili. Waziri Gwasuma akapanda juu ya meza. Mtukufu Mlezi, ambaye hakuwa na mazoea ya kutazama anaowahutubia, aliendelea kusoma kwa dakika kumi zaidi, na pengine angemaliza chuo kikuu kama fahali mmoja mweupe asingepanda jukwaani na kulamba kipaza sauti.

*

Zamda alirudi nyumbani, akafagia uwa, akavaa khanga safi, akakaa mlangoni kungoja askari. Hawakuja siku hiyo, wala siku ya pili.

Sababu ilikuwa ya kisheria. Iliundwa Tume ya Kuchunguza Kutoanguka kwa Uzio, na jina lake tayari lilikuwa limeisaidia kazi. Kitu kilichozinduliwa na Mtukufu Mlezi hakiwezi kuanguka, hilo liko kwenye katiba. Uzio ulionekana na watu wengi ukiwa chini. Kwa hiyo, Tume ilihitimisha, haukuanguka. Ulilala kwa heshima. Nguzo zile, kwa uzalendo wao, hazikustahimili kusimama sawa na Kiongozi wa nchi, zikajilaza mbele yake zenyewe.

Redio ikashangilia wiki nzima. Shairi likatungwa. Waziri Gwasuma akapewa nishani ya kuifundisha miti adabu. Na kwa kuwa uzio haukuangushwa, hakukuwa na aliyeuangusha. Zamda alisikia hayo kwa Somoe, aliyekuwa amefungwa vitambaa viganja vyote viwili na kushikilia kikombe kwa vidole vya mwisho.

"Tumepona, wifi," alisema Somoe, na kwa mara ya kwanza tangu mambo hayo yaanze akacheka. "Wapumbavu wametuponya!"

Walikuwa hawajafika ukurasa wa sitini na nne wa taarifa ya Tume. Kwenye ukurasa huo Tume ilibainisha, kwa masikitiko makubwa, kwamba nguzo mia tatu hamsini na tisa zililala mbele ya Mtukufu Mlezi, na moja haikulala.

Askari wakaja Alhamisi.

*

Shitaka lilikuwa la kusimamisha nguzo isiyo na adabu. Kesi ilisikilizwa baada ya miezi minne, na mahakama ilijaa. Bwana Chambuso aliitwa kutoa ushahidi, akasema huku akitazama viatu vyake kwamba hata yeye alipoisukuma nguzo hiyo mwanzoni haikumjali, hivyo tabia hiyo ilikuwa nayo tangu utotoni. Mkuu wa jeshi akaeleza kwamba askari thelathini walijaribu kuilaza wakashindwa, kisha lori la jeshi likaivuta kwa mnyororo, na kilichong'oka kilikuwa bampa la lori.

Hakimu alikuwa mtu wa tumbo dogo na usingizi mwingi, wala hakuwa mkatili. Alitaka kula mchana. Akamwinamia Zamda.

"Mama, sikiliza. Kuna njia nyepesi. Ukisema kwamba kazi ile uliifanya ovyo ovyo, hukushindilia vizuri, na nguzo ile imesimama kwa bahati mbaya tu, nitaandika kwamba hapakuwa na nia, uende nyumbani. Sema tu."

Kwenye benchi la nyuma Somoe alikuwa akitikisa kichwa kwa nguvu, juu chini, juu chini: sema, sema!

Zamda akafungua mdomo. Neno lilikuwa hapo, dogo, lisilo na uzito. Ovyo. Akajaribu kulitoa. Akaona mikono yake imeshika kizimba, yenye makovu ya tindo ya miaka thelathini, na neno likamrudi kooni.

"Mheshimiwa Hakimu," alisema, "nimeishindilia mwenyewe. Tabaka nane. Haikusimama kwa bahati mbaya."

Somoe akafunika uso kwa khanga.

Hukumu ilikuwa fupi. Kwa kuwa imethibitika kwamba hakuna mwingine awezaye, mshitakiwa ataing'oa nguzo hiyo kwa mikono yake mwenyewe, na atabaki kizuizini mpaka siku itakapotoka. Na kwa kuwa nguzo yenye hatia ikikaa karibu na nguzo njema inaweza kuziharibu, hakuna uzio mwingine utakaosimamishwa Majabalini kabla ya hapo.

Hakimu akagonga nyundo yake ya mti, akaenda kula.

*

Asubuhi iliyofuata askari wawili wakamleta Zamda kwenye nguzo, wakampa nyundo, tindo na mtaimbo wake, wakaketi kivulini.

Ilikuwa kazi ya nusu siku. Aliyeifunga ndiye aliyejua pa kuifungulia: kabari ya upande wa chemchemi kwanza, kisha ya pili yake, na nyingine mbili zingelegea zenyewe. Adhuhuri angekuwa nyumbani. Akapiga magoti, akaweka ncha ya tindo kwenye ile kabari, akainua nyundo.

Somoe akapita na ndoo kichwani. Hakumsemesha, maana ilikatazwa. Ndoo ilikuwa imejaa mpaka juu, ikimwagikia shingo yake kwa kila hatua, na nyuma yake walikuwa wakija Mzee Likwata na mbuzi wake wanne, na yule mama wa nguzo ya sitini, ambaye sasa alikuwa na mtoto mgongoni. Hakuna aliyewauliza kibali.

Zamda akawatazama mpaka wakapita. Kisha akalisogeza tindo shibiri moja kando, mahali palipokuwa mwamba mtupu, akapiga. Ting.

"Inatoka?" aliuliza askari mmoja.

"Inakuja."

"Lini?"

"Huu ni udongo mwandamizi, afande. Hautaki haraka."

Jibu hilo halikuwa na kosa lolote kwa mujibu wa waraka. Askari akarudi kulala.

Hivyo ndivyo ulivyopita mwaka, na mwingine. Kila asubuhi ting, ting, mpaka alasiri, kisha mahabusu. Tusiseme alikuwa shujaa mwenye furaha. Mahabusu palikuwa na kunguni na uji wa maji. Paa la nyumba yake lilibonyea upande mmoja na hakuwa na ruhusa ya kwenda kuliegemeza. Alianza kukohoa. Siku ya arusi ya binti wa Somoe, aliyemlea tangu anatambaa, alisikia vigelegele kwa mbali akiwa amepiga magoti kwenye jiwe, na siku hiyo ncha ya tindo ilirudi yenyewe mpaka kwenye kabari ikakaa hapo muda mrefu. Mwisho akaiondoa. Jioni Somoe akamletea pilau polisi, akawapa askari sinia zima ili wageuke upande mwingine, wakakaa wawili hao, mmoja ndani ya nondo na mmoja nje, wameshikana mikono yenye makovu.

Kila mwisho wa mwaka Bwana Chambuso alikuja na fomu ya maendeleo. Mwaka wa kwanza akaandika asilimia nne. Mwaka wa pili, saba. Mwaka wa tatu, tisa.

Mwaka wa nne, siku ya sikukuu ya Furaha ya Taifa, alikuja akikimbia, na karatasi yenye muhuri mwekundu mkononi.

"Mama Zamda! Msamaha! Mtukufu Mlezi amesamehe wezi mia moja, na kwenye orodha palibaki nafasi moja. Wewe uko huru. Inuka, mama, nenda nyumbani!"

Zamda akainuka polepole, akishika kiuno. Kwa muda kidogo hakuona kitu, kwa machozi.

"Na nguzo?"

"Achana nayo. Amepatikana mhandisi amesomea ng'ambo, ana dawa ya kuyeyusha. Atafika Jumatatu. Uzio mpya uko tayari ghalani, wa chuma safari hii."

Zamda akatazama njia ya kwao. Akatazama chemchemi, ambako watu walikuwa kwenye foleni na ndoo zao, wakibishana nani kafika kwanza.

"Bwana Chambuso. Na mimi nikikataa?"

"Kukataa nini?"

"Huo msamaha. Hukumu ilisema nitaing'oa kwa mikono yangu. Kazi ya Serikali nitaiachaje nusu?"

Chambuso akacheka, akaona kwamba anacheka peke yake, akafungua faili. Akapekua mbele, akapekua nyuma. "Fomu ya kuomba msamaha ipo. Ya kushukuru kwa msamaha ipo, nakala tatu. Ya kukataa..." Akalamba kidole, akapekua tena. "Hakuna fomu ya kukataa."

"Itengenezwe."

"Mama, fomu mpya inapita wizara nne! Ile ya kibali cha choo cha tarafa ilichukua miaka sita, na mpaka leo tunakwenda porini. Na bila fomu faili haliwezi kufungwa, na faili lisipofungwa mhandisi haruhusiwi hata kuigusa..."

Maneno yake mwenyewe yalikuwa yamemfikia. Akamtazama Zamda, na Zamda akamtazama.

Jua lilikuwa kali na Chambuso alikuwa amekimbia kutoka barabarani. Akafunga faili, akaenda kwenye chemchemi, akapanga foleni kama wenzake, na zamu yake ilipofika akainama akanywa kwa viganja, kwa muda mrefu, mpaka tai ikalowa. Aliporudi alichukua fomu ya maendeleo, akaiweka juu ya goti, akaandika.

"Asilimia sita," alisoma askari kwa nyuma ya bega lake. "Lakini Bwana Tarafa, mwaka jana si uliandika tisa?"

"Imezama tena kidogo," alisema Chambuso, akafuta mdomo.